Kabla hujalipia kempu ya Agosti, uliza mara ya mwisho walirudi nyuma lini

Kila mwaka Juni ikiisha grupu za WhatsApp za wazazi hapa Nairobi zinaanza kujaa mabango ya kempu za likizo ya Agosti. Mtoto amening'inia kwa waya juu ya msitu wa Kereita, mwingine yuko ndani ya rafti pale Sagana mdomo wazi maji yamemrukia usoni, chini yake kuna orodha ndefu, ziplaini, kupanda miamba, kurusha mishale, baiskeli, moto wa usiku, alafu bei na namba ya M-Pesa, na hapo hapo mama mmoja anauliza "kuna diskaunti ya watoto wawili?" na mazungumzo yanaishia kwa bei. Sisemi bei sio kitu, kwa wengi wetu ndo kitu cha kwanza. Lakini nimesoma mabango mengi sana miaka hii mitatu na karibu yote yananiambia mtoto wangu atafanya nini, hayaniambii atafanya na nani, na hayasemi kabisa huyo mtu atafanya nini siku ambayo mambo hayaendi vile yalipangwa.

Mimi nilijifunza hii kwa sababu ya laifujaketi moja.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na nilimpeleka kempu kama vile wengi tunapeleka, yaani rafiki yake anaenda, picha zilikuwa nzuri, nikatuma pesa. Alirudi Jumamosi jioni amechomwa na jua puani, viatu vimejaa matope, na furaha ambayo sijui kama nilikuwa nimewahi kumuona nayo. Tukiwa mezani akaanza kuhadithia vile walivuka mto wakishikilia kamba, akasema jaketi ilikuwa baridi sana mgongoni manake aliivaa ikiwa bado inachuruzika maji ya mwenzake. Nikamuuliza, kwani kila mtu hakuwa na yake? Akasema zilikuwa kumi na mbili na wao walikuwa thelathini na kitu, kwa hivyo wa kwanza wakishavuka wanazivua zinarushwa ng'ambo hii tena. Na yake ilikuwa imekatika mkanda wa kiunoni, "so ticha akanifungia na lesi ya kiatu chake, mami, na haikutoka!" Alikuwa anajivunia ile lesi. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko nikashindwa kukipeleka mdomoni.

Sasa, hizo jaketi kumi na mbili zenyewe sio ndo tatizo. Ukiwa na kumi na mbili nzima unaweza kuvusha watoto kumi na wawili, wale wengine wamekaa mbali na maji na mtu mzima anawaangalia, polepole mpaka wamalize. Kilichoniuma ni alichosema baadaye bila hata kujua anasema nini, kwamba usiku wa kabla yake mvua ilinyesha na maji asubuhi yalikuwa "kama chai ya maziwa". Mto umebadilika rangi usiku mmoja, jaketi hazitoshi, moja mkanda umekatika, na katika watu wazima wote waliosimama hapo hakuna aliyesema leo tusivuke.

Nilipompigia mwenye kempu alinijibu kwa upole kabisa, "Dada, watoto walifurahia sana, na hakuna kitu kilitokea." Nimeyafikiria haya maneno kwa muda mrefu, na naona ndo kosa kubwa tunalofanya wazazi na waandalizi pamoja, tunapima uamuzi kwa vile siku iliisha. Dereva wa matatu akiovateki kwa kona ya Limuru na akafika salama, haimaanishi ile kona ni mahali pa kuovateki, inamaanisha tu siku hiyo hakukuwa na lori upande ule mwingine. Kempu inaweza kwenda miaka sita bila kitu kutokea na bado inaendeshwa vibaya. Kwa hivyo nikaacha kuuliza "mshawahi kupata ajali?", manake hilo jibu ni hapana karibu kila mara, na nikaanza kuuliza swali lingine, mara ya mwisho mliahirisha kitu au mkarudi nyuma njiani ilikuwa lini, na kwa nini.

Mwenye kempu ambaye amefanya kazi hii kwa kweli atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, juzi, mwezi wa nne, ukungu, ngurumo, mtoto mmoja alikuwa anatapika. Ambaye hajawahi kurudi nyuma hata siku moja, milima na mito yetu ikiwa vile ilivyo, huyo ana bahati na mimi siwezi kumpa mtoto ategemee bahati.

Tuangalie Hell's Gate pale Naivasha, manake kempu nyingi zinaenda huko na mimi mwenyewe napapenda. Ni kati ya mbuga chache Kenya ambapo mtoto anaweza kupiga baiskeli akipita pundamilia na twiga, hakuna kukaa ndani ya gari, na kuna lile korongo la Ol Njorowa ambalo maji yalilichonga kwenye mwamba mpaka pahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa humo ndani maji yakaja kwa ghafla, 7 wakafa. Septemba 2019 ikatokea tena, watu 7 tena, na kati yao alikuwepo mwongozaji wa hapo hapo, mtu ambaye hizo njia ndo kazi yake. Ubaya wa korongo ni kwamba mvua inayoua sio lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha huko juu kwa vilima, maji yote ya eneo kubwa yanatafuta njia moja, na hiyo njia ndo mnapigia selfi, mchanga umekauka, jua linawaka. Ukianza kusikia mvumo tayari umechelewa, na sehemu za kupanda kutoka ni chache na nyingine zinataka kamba.

Sasa fikiria mwalimu wa miaka ishirini na tano ana watoto arobaini kwa lango. Basi limelipwa, kiingilio kimelipwa, wazazi wameahidiwa picha jioni, watoto wanaimba. Wingu liko mbali huko juu ya vilima. Kila kitu kinamsukuma aingie, kinachomrudisha ni kile kiwingu peke yake. Hapa ndo naona wazazi wengi hatujafika kifikira, sisi hudhani usalama ni vifaa, helmeti, kamba, jaketi, na vifaa ni lazima, lakini kwa sehemu kubwa usalama ni mtu mmoja kuwa na nguvu ya kusema hapana huku pesa ishaliwa. Hiyo nguvu haitokani na roho nzuri peke yake. Inatokana na kempu kuwa na mpango wa pili umeshaandaliwa, kwamba tukishindwa kuingia korongo tunaenda kupanda Fischer's Tower, ile nguzo ya mwamba, na waongozaji wa pale au tunarudi kempu kufunzwa kuwasha moto bila kiberiti, na pia inatokana na kujua kwamba wazazi hawatamuingilia kwa grupu wakidai warudishiwe pesa ya korongo.

Na hilo la mwisho ni letu. Nimeona kwa macho yangu grupu ikichemka kwa sababu ziplaini ilifungwa siku moja ya upepo, mzazi anaandika "we paid for an experience", wengine wanaweka vidole gumba. Huyo mwenye kempu mwaka ujao atafikiria mara mbili kabla ya kufunga, na tutakuwa tumemfundisha sisi.

Baada ya ile ya jaketi nilikaa mwaka mzima sipeleki mtoto popote. Alafu jamaa wa ukoo akaniambia kuna mzee fulani upande wa Mlima Kenya anachukua watoto wachache tu, nikaendesha mpaka huko Jumapili moja bila mtoto, kwenda kuangalia peke yangu, na hilo pia nawashauri mfanye kama mnaweza, manake choo cha kempu hakiwekwi kwa bango. Mzee ni skauti wa zamani, kofia imepauka, haongei mengi. Nilipomuuliza lile swali langu hakujibu, aliingia ndani akarudi na kaunta buku la jalada gumu, lile la kutumia dukani, akalifungua katikati. Kila safari ina mstari wake, tarehe, idadi ya watoto, hali ya hewa saa kumi na mbili asubuhi, na upande wa kulia yaliyotokea. Nikaona imeandikwa kwa bairo nyekundu, "Mto umepanda. Hatukuvuka. Tulipika mukimo." Ukurasa mwingine, "Ukungu. Tumerudi saa nne." Akaweka kidole hapo akasema, "Hapa wazazi walinikasirikia sana, mama." Hakuongeza kitu. Nililipa dipoziti kabla sijaondoka.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema si basi tuwaweke nyumbani. Hapana. Na nataka niseme hili kwa nguvu ile ile, kwa sababu kempu nyingine zimesikia hofu ya wazazi zikaamua kuuza uwanja wa kuruka wa kujazwa hewa, bwawa la kuogelea la hoteli na kupakwa rangi usoni, alafu wanaita adventure na wanakutoza bei ya mlima. Watoto wetu wa fleti wanatoka kwa lifti wanaingia kwa basi la shule, uwanja wa kucheza ni paking'i ya magari na kaaskari kanawafukuza wasigonge kioo cha mtu. Mtoto wa kumi na moja ambaye hajawahi kuwa na giza la kweli, hajawahi kubeba maji yake mwenyewe kutwa nzima, hajawahi kupotea kidogo na kujitafutia njia, huyo naye tumemnyima kitu. Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, alipochukua wavulana kama ishirini kisiwa cha Brownsea kule Uingereza Agosti 1907, wengine wa shule za matajiri na wengine watoto wa vibarua, aliwalaza kwa mahema akawapa mambo ya kufanya kwa mikono. Alikuja kufia Nyeri Januari 1941, na ukienda kwa kaburi lake utaona limewekwa duara lenye nukta katikati, ile alama ya njia ya skauti inayosema nimeenda nyumbani. Alama hizo skauti wetu bado wanafunzwa, na mojawapo ya zile mtoto anashika mapema kabisa ni msalaba wa vijiti viwili chini, maana yake usipite huku. Pale Loitokitok chini ya Kilimanjaro kuna shule ya Outward Bound tangu 1952, vizazi vya Waafrika Mashariki vimepita pale kufunzwa mlima. Hii sio kitu cha kigeni tulichokiona kwa Instagram juzi, iko kwetu zamani, na ilianza na mtu kumfundisha mtoto kusoma ardhi kabla ya kumrusha kwa waya.

Turudi kwa kuchagua. Umri wa mtoto na mahali anapelekwa ni lazima vilingane, na hapa "miaka 6 hadi 16 wote karibu" inanitisha. Mlima Longonot kilele chake kiko mita 2,776, mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea atafika kwa ukingo wa kreta na atakumbuka maisha yake yote, lakini kuzunguka ule ukingo wote ni safari nyingine kabisa, vumbi, njia nyembamba, jua bila kivuli, na mwongozaji mzuri atagawa kundi hapo juu bila aibu. Mlima Kenya ni hadithi nyingine tena. Point Lenana, kimoja cha vilele vyake, iko mita 4,985, na kuanzia kama mita 2,500 hivi mwili unaweza kuanza kulalamika kwa hewa nyembamba, kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi, na watoto wadogo wengi hawajui kusema naumwa na nini, wao hunyamaza tu na kukataa chakula. Mtoto mchangamfu akinyamaza huko juu, dawa ya kwanza ni kushuka naye, usiku au mchana. Tanzania wameweka sheria kwamba kwenda kilele cha Kilimanjaro lazima uwe umefika miaka 10. Sio kwamba siku ya kutimiza kumi mapafu yanabadilika, lakini angalau mtu alikaa chini akaweka mstari. Uliza kempu yako mstari wao uko wapi. Kwa rafti ni hivyo hivyo, mto Tana pale Sagana una sehemu tulivu na una sehemu za mawimbi makali, uliza ni sehemu gani kwa watoto wa umri gani, na kama jibu ni "tutaona siku hiyo" basi pia wewe una jibu lako.

Usiku. Hili wazazi tunaliogopa kuliuliza, tunaona kama tunamtukana mtu, na ndo sababu naliandika bila kuzunguka. Nani analala wapi? Watoto wa miaka saba hawafai kulala hema moja na wa kumi na tano, na mtu mzima hafai kubaki peke yake na mtoto mmoja mahali pamefungwa, sio hemani, sio bafuni, sio kwa gari la kumpeleka zahanati, wawe wawili kila mara. Kila anayelala hapo, mpaka mpishi na dereva, awe na cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kinaombwa kwa tovuti ya serikali ya eCitizen kwa shilingi 1,050, kwa hivyo hakuna kempu itakuambia ni ghali. Cheti hakionyeshi moyo wa mtu, kinaonyesha tu kama ana rekodi, lakini kempu ambayo imekasirika ukikiuliza imekusaidia kuamua. Kuhusu idadi, chama cha makambi cha Marekani, American Camp Association, kwa kempu za kulala kinataka mtu mzima 1 kwa watoto 6 wenye miaka 6 hadi 8, na 1 kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 14. Hatuko Marekani, na kule wanaenda wiki nyingi kiangazi, lakini ni kipimo unaweza kwenda nacho mfukoni, na ukihesabu usimuhesabu mpiga picha.

Na umwambie mtoto kabla hajaenda kwamba hakuna siri ya kempu ambayo mami au dadi hawaruhusiwi kujua. Simu wanaweza kunyang'anywa, mimi sina shida na hilo, napenda hata, lakini mtoto ajue ni mtu gani wa kumwendea saa nane usiku akiogopa, amjue kwa jina na kwa sura, na wewe uwe na namba inayoshikwa.

Mengine haraka haraka. Inhela ya mwenye asthma iende mbili, moja kwa begi lake na moja kwa msimamizi. Dawa ziandikwe jina na saa. Uliza nani ana cheti cha huduma ya kwanza, cha Red Cross au St John, na kama bado hakijaisha muda, na hospitali ya karibu ni gani na gari la kufika huko linalala kempu au linaitwa. Ukimpeleka sehemu za joto kama Sagana au Pwani fikiria malaria na ubebe neti. Mito na maziwa ya maji yaliyotulia yana kichocho sehemu nyingi, na ziwa Naivasha lina viboko, kwa hivyo hema isipigwe kwa nyasi ya ukingoni hata kama picha itakuwa nzuri.

Alafu msimu. Agosti kwetu ni baridi lakini kwa kawaida haina mvua nyingi, ndo sababu ni mwezi mzuri, mpe tu sweta mbili na kofia ya sufu manake usiku wa Nanyuki au Kinangop haumjui mtoto wa nani. Likizo ya Aprili inaangukia katikati ya masika, na bado tunapanga mito na makorongo Aprili kwa sababu kalenda ya shule imesema likizo. Mimi Aprili simpeleki mtoni. Tunaenda siku moja moja wenyewe, alfajiri, tunarudi kabla ya mawingu ya mchana.

Huyo binti yangu alienda kwa yule mzee mwaka jana. Siku ya tatu walikuwa wanapanda kwenda kwa maporomoko fulani ndani ya msitu, wamebakisha kama saa moja, ukungu ukashuka, mzee akawasimamisha, akawahesabu, akawageuza. Walirudi wameshikana mabegi wakiimba ili asipotee mtu. Alifika nyumbani amenuna kabisa, ananiambia mami tulikuwa tumekaribia, tulikuwa tunasikia maji. Alinuna siku mbili. Fomu ya mwaka huu ameijaza mwenyewe kwa bairo ya buluu, na pale wameuliza mtoto angependa kufanya nini ameandika yale yale maporomoko, akapiga mstari chini.